Muhuri wa Kazamori

Sehemu ya 17

Haya, kaeni kitako. Wiki nzima mmenisumbua: Chizuru amekufa? Gongo limempata kichwani? Kuna mzee mmoja alifika hadi ofisini kwetu akamfokea karani wa watu, karani ambaye hata hadithi hii haisomi. Leo mtajua, na mkishajua msije mkasema sikuwaonya.

Tulimwacha Chizuru Hatakeyama, mtunzi mkuu wa studio ya gemu ya Kazamori, Osaka, amesimama mbele ya mlango wa mkurugenzi na mtungi wa kuzimia moto mikononi. Gongo la besiboli lilikuwa linamshukia usoni. Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika arobaini asubuhi.

Gongo likashuka. Chizuru akainua mtungi. Chuma kikalia, gongo likateleza, likampata mkono wa kushoto chini kidogo ya kiwiko. Alisikia mfupa ukivunjika kabla hajasikia maumivu.

Hakungoja pigo la pili. Aliuzungusha mtungi kwa mkono wa kulia uliobaki, ukamkuta yule jamaa kwenye goti. Jamaa akaenda chini kama gunia.

"Goti langu! Huyu mwanamke kanivunja goti!"

"Inuka, Gonda, unatuaibisha," alisema mmoja wa wenzake wawili.

Kwa wewe uliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, nitakueleza haraka kabla Gonda hajasimama. Kazamori wanatengeneza gemu za safari ndefu, zile unazocheza miezi mitatu mpaka mkeo anahama. "Taa Saba" ndiyo iliyowapa jina. Gemu mbili za mwisho zilidoda, studio ikapiga magoti, na sasa wanunuzi ni wawili. Wa kwanza ni Amatsu, kampuni kubwa inayounda mashine za kuchezea gemu. Wao wanaitaka studio nzima na watu wake arobaini na watatu, na wanataka sehemu ya tano ya "Taa Saba" imalizwe. Watafika saa sita mchana kugonga muhuri. Wa pili ni Hirukawa, tajiri wa pachinko, zile mashine za kurusha vigololi vya chuma. Huyo anataka sura za wahusika tu, azibandike kwenye mashine zake. Watu wote nje, sehemu ya tano kwenye pipa la taka.

Chizuru ameipa sehemu hiyo ya tano miaka saba ya maisha yake. Kwa hiyo mkimwona anapigana na wanaume watatu kwa mkono mmoja, msiulize kwa nini.

Na wanunuzi wote wawili wanahitaji kitu kimoja: muhuri wa kampuni ulioandikishwa serikalini, kijiti cha mti chenye urefu wa kidole. Huko Japani sahihi ni mapambo tu. Muhuri ndio neno.

Sasa Gonda amesimama.

"Dada," alisema, akichechemea, "mimi nilikuja kistaarabu."

"Na gongo?"

"Gongo ni la bosi."

Akampiga teke la tumbo. Chizuru akajikunja, pumzi zote zikamtoka, mtungi ukaviringika chini ya meza. Mwenzake Gonda, kijana mmoja mwembamba aitwaye Ebisawa, akamshika nywele na kukigongesha kichwa chake mlangoni, mara moja, mara mbili. Pua ikapasuka.

"Taratibu," ilisema sauti nyuma yao. "Mdomo bado tunauhitaji."

Alikuwa Kashiwade, makamu wa mkurugenzi. Miaka kumi na tano amekaa meza moja na Mzee Minobe, mwanzilishi wa studio. Ndiye aliyewafungulia mlango hawa majambazi kwa ufunguo wake mwenyewe. Na viatu vyake alikuwa ameviacha mlangoni, vimepangwa sawasawa, ncha zikitazama nje, akavaa kandambili zake za ofisini. Hata siku ya kuwauza wenzake, Kashiwade ni mtu wa utaratibu.

"Kumbe ni wewe," alisema Chizuru, damu ikimwingia kinywani. "Mbwa wewe. Mzee alikusimamia harusi yako!"

"Nami nilimshukuru kwa barua. Yuko ndani?"

"Amelala. Moyo unamsumbua. Mkiuvunja mlango mtamuua."

"Uvunjeni," alisema Kashiwade.

Gonda na Ebisawa wakaurukia kwa mabega. Bawaba zikang'oka, mlango ukaanguka ndani kwa kishindo. Kulikuwa na kiti, birika la chai, miwani mezani. Mzee hakuwepo.

Salale! Mlidhani yumo, eh? Hata mimi niliwaficha, msinitukane. Mzee Minobe alishuka kwa ngazi za jikoni tangu saa tatu na robo, kofia imefunika macho, anakwenda Ofisi ya Sheria kuandikisha muhuri mpya. Hilo mkurugenzi anaruhusiwa, mradi aende mwenyewe. Dakika karani atakapoupokea ule mpya, ule wa zamani unakufa. Hata ukiugonga mara elfu, ni kijiti tu.

Muhuri wa zamani hakwenda nao. Wangemkamata nao njiani, mchezo ungeishia hapo. Alimwachia Chizuru. "Nikishaandikisha nitakupigia," alimwambia. "Ukisikia simu, wape hicho kijiti wakachezee. Kabla ya simu, usiwape hata wakikuua. Wala usiuvunje. Nisipofika mimi, huo ndio muhuri pekee tulionao wa kuwagongea Amatsu saa sita."

Basi kazi ya Chizuru ilikuwa kupigwa. Apigwe polepole, apigwe kwa muda mrefu, mpaka simu ilie. Aliitazama saa ya ukutani kwa jicho moja, maana la pili lilikuwa limeanza kufumba. Saa tatu na dakika arobaini na sita.

"Muhuri uko wapi?" Kashiwade aliuliza.

"Kamuulize mamako."

Kofi. Kisha ngumi. Kisha Ebisawa akamkanyaga ule mkono uliovunjika, na Chizuru akapiga ukelele uliosikika mpaka kwenye duka la tambi chini. Walipekua kasha la chuma. Walimwaga droo. Walimpapasa mwili mzima, na Chizuru akamtemea Ebisawa damu jichoni, akaongezwa ngumi nyingine. Hawakuona kitu.

Ofisi ilikuwa tupu kwa makusudi. Chizuru alikuwa amewaambia wote waje saa sita. Ila alimsahau mmoja, kwa sababu huyo hakuwa amerudi nyumbani kusikia habari za kwenda wala kuja. Siku ya nne leo Wakui, fundi wa programu, analala chini ya meza yake ndani ya mfuko wa kulalia. Kishindo cha mlango hakikumwamsha. Kiatu cha jambazi wa tatu kilichomkanyaga tumboni ndicho kilichomwamsha.

Wakui akatoka mfukoni, nywele zimesimama, akamwona Chizuru sakafuni.

"Dada Chizuru?"

"Kimbia, Wakui!"

Thubutu! Wakui, mtu ambaye huogopa hata kuagiza chakula kwa simu, alinyakua kibodi yake nzito na kumtandika nayo jambazi wa tatu mdomoni. Herufi ziliruka huku, meno yakaruka kule. Akamtandika tena. Jambazi akalala chini na hakuamka mpaka mwisho wa sehemu hii. Lakini Gonda alishafika. Gongo moja la mgongoni, Wakui akaanguka kifudifudi.

Kashiwade akamtazama yule kijana, kisha akaitazama ile mashine ya kukatia karatasi iliyo kando ya dirisha, yenye kisu kirefu cha mpini. Akajifuta jasho kwa leso.

"Mlete hapa," alisema. "Mkono wa kushoto."

Walimlaza mkono juu ya ubao, kisu kikiwa kimeinuliwa. Gonda akashika mpini. Kashiwade mwenyewe akageukia ukutani, maana damu humtia kichefuchefu.

"Chizuru, huyu kijana analishwa na vidole vyake kumi. Nitahesabu mpaka tano."

"Dada, wape!" Wakui alilia. "Si mti tu huo? Wape bwana!"

"Vumilia, Wakui."

"Nivumilie nini? Wanakata vidole vyangu! Vyangu, si vyako!"

Chizuru angemwambia nini? Akitamka neno moja juu ya Mzee, watapiga simu na Mzee atavamiwa kwenye dirisha la karani. Aliitazama saa. Saa nne kasoro dakika mbili. Mzee anatembea polepole, ana miaka sabini na moja. Mungu wangu, Mzee, kimbia.

"Tano," alisema Kashiwade, uso ukutani.

Gonda akashusha mpini. Kidole kidogo kilitoka kwenye kiungo cha kwanza, kikadunda kwenye ubao, kikaanguka sakafuni. Wakui hakulia mara moja. Alikitazama tu, kana kwamba si chake. Kisha akalia, na kilio kile Chizuru atakufa nacho masikioni.

"Kinachofuata," alisema Kashiwade bila kugeuka.

"Basi! Basi, jamani!" Chizuru alipiga kelele. "Kwenye rafu! Mwanasesere wa mwisho, yule wa Nagi. Ng'oa kichwa."

Rafu ilikuwa na wanasesere mia tatu wa "Taa Saba". Gonda mwenyewe ndiye aliyekwenda. Alimjua Nagi, mhusika wa gemu hizo, bila kuelekezwa, akamng'oa kichwa kwa uangalifu wa ajabu, muhuri ukamdondokea kiganjani.

Saa nne na dakika mbili. Simu kimya.

Kashiwade akakaa mezani, akatoa mkataba wa Hirukawa, nakala mbili, kurasa ishirini na mbili kila moja. Akafungua kidau cha wino mwekundu. Akafungua ukurasa wa mwisho. Muhuri ukaanza kushuka.

Hapo, wasomaji wangu, Chizuru aliyelala chali na pua iliyopasuka akakumbuka jambo moja kuhusu Kashiwade. Mwaka juzi aliirudisha barua ya rambirambi mara tatu kwa sababu muhuri uliinama kidogo.

"Bwana Kashiwade," alisema. "Umezibana kurasa kwa pini."

Muhuri ukasimama hewani. "Ndiyo. Sikupata muda wa kuzifunga."

"Na hujagonga kwenye maungio."

Kashiwade akauinamia mkataba.

"Bosi, gonga tuondoke," alisema Gonda.

"Ngoja." Kashiwade alikuwa ameanza kufunua kurasa. "Anasema kweli. Kurasa zilizobanwa kwa pini lazima zigongwe kila maungio, nusu ya muhuri ukurasa huu, nusu ule. La sivyo mtu anaweza kuchomoa ukurasa mmoja akaweka wake. Bwana Hirukawa atanitupia usoni."

"Mtu anavuja damu hapa!" alisema Gonda.

"Na muhuri wenyewe hugongwa mwisho, baada ya maungio. Ndivyo inavyofanywa."

Mnacheka? Huyo ndiye Kashiwade. Kukata kidole cha mtu aliweza, kuvuruga karatasi hakuweza. Akatandika kipande cha mpira chini ya karatasi, akaupumulia muhuri, akauchovya, akagonga, akafuta, akaweka karatasi ya kunyonya wino. Moja. Akaupumulia tena. Mbili. Alikuwa na maungio arobaini na mawili, na Chizuru alikuwa akiyahesabu pamoja naye.

Saa nne na dakika kumi. Wakui alikuwa amefunga mkono kwa fulana yake, anatetemeka pembeni, hamtazami Chizuru tena.

Gonda akachuchumaa karibu na kichwa cha Chizuru. Goti lilikuwa limevimba. Akanong'ona.

"Dada. Wakati tunangoja. Nagi anakufa?"

"Nini?"

"Sehemu ya tano. Nimemaliza zote nne, ya tatu nimeimaliza mara sita. Nilipotoka jela tulikuwa na mashine moja kwa watu wanane, mimi ndiye niliyekuwa nashika. Anakufa au hafi?"

Chizuru alimtazama jitu lile lenye damu ya Wakui viganjani. Alitaka kucheka, mbavu zikamkatalia.

"Huyo bosi wako akimaliza kugonga, Gonda, hutajua kamwe. Hakuna sehemu ya tano. Kutakuwa na uso wa Nagi kwenye mashine ya vigololi, basi."

Gonda akatafuna midomo. "Bosi hakutuambia hivyo."

"Muulize."

"Mimi nina bosi mmoja, na ana hasira," alisema Gonda, akasimama. Lakini alikwenda kusimama mbali, na gongo akaliegemeza ukutani.

Saa nne na dakika kumi na nane. Kashiwade yuko kwenye nakala ya pili. Anakwenda haraka mno. Chizuru akajikokota mpaka kwenye mguu wa meza, akajifanya anataka maji, akakohoa. Damu na mate vikaruka juu ya ukurasa wa tisa.

"Ukurasa wangu!" Kashiwade alipiga kelele kama aliyemwagiwa mtoto wake maji ya moto.

Ebisawa akamrudisha Chizuru sakafuni kwa mateke matatu. Ubavu ukavunjika. Lakini ukurasa ulibidi uchapwe upya, na mashine ya kuchapa ya Kazamori, kila mfanyakazi anajua, huchukua dakika nne kupata joto. Chizuru alilala huku akisikiliza inavyoguruma, na akaipenda kuliko alivyowahi kumpenda mwanamume yeyote.

Saa nne na dakika ishirini na tisa. Maungio yote yamekwisha. Nakala zimelazwa bega kwa bega. Yamebaki mapigo mawili ya mwisho.

Simu ya mezani ikalia.

Chizuru akacheka. Alicheka kwa sauti, meno yamejaa damu, mpaka Wakui akageuka kumwangalia.

"Pokea, Kashiwade," alisema. "Weka sauti juu wote wasikie. Habari ni yako. Mzee yuko Ofisi ya Sheria tangu asubuhi, ameshaandikisha muhuri mwingine. Huo ulioushika, chokolea meno!"

Rangi ilimtoka Kashiwade. Aliutazama muhuri, akautazama mlango uliovunjwa wa mkurugenzi, akaelewa. Akabonyeza kitufe.

"Halo? Hapo ni Kazamori?" Ilikuwa sauti ya mwanamume asiyefahamika, na ving'ora nyuma yake. "Mimi ni wa gari la wagonjwa. Kuna mzee hapa mbele ya Ofisi ya Sheria, amegongwa na pikipiki alipokuwa anavuka. Pikipiki imekimbia. Namba yenu tumeikuta mfukoni, pamoja na fomu ya muhuri."

"Fomu..." alisema Kashiwade. "Imepokelewa?"

"Sielewi mambo hayo, bwana. Iko kwenye bahasha, haijafunguliwa. Hakufika mlangoni. Mzee hazungumzi. Ijulishe familia yake."

Laini ikakatika.

Chizuru alihisi sakafu inamtoka mgongoni. Kidole cha Wakui. Mkono wake, ubavu wake. Na Mzee, Mzee aliyemfundisha kazi, amelala barabarani na bahasha yake. Yote bure, na muhuri aliokuwa amewapa ulikuwa hai muda wote huo.

Rangi ikamrudia Kashiwade taratibu. Akaupumulia muhuri. Akauchovya kwenye wino.

"Pole," alisema, na nadhani alikuwa anamaanisha.

Sijui nguvu alizitoa wapi, na msiniulize. Mwanamke mwenye mkono mmoja mzima na ubavu uliovunjika aliruka kutoka sakafuni akamdaka Kashiwade kifundo cha mkono, akakipeleka kinywani na kukiuma mpaka alipohisi mshipa. Kashiwade akalia kama mbuzi. Muhuri ukadondoka mezani. Ebisawa akaja kwa kisu, akamchoma begani. "Mshike, Gonda!" alipiga kelele, na Gonda akasita pumzi moja, pumzi moja tu, macho kwenye yule mwanasesere asiye na kichwa.

Pumzi hiyo ilitosha. Chizuru aliunyakua muhuri kwa meno.

Akakumbuka neno la Mzee: usiuvunje. Muhuri ukimeguka ukingo, hata kwa chembe, alama yake hailingani tena na ile iliyoandikishwa. Hirukawa hataupata. Lakini hata Amatsu hawataupata, na Mzee hana mdomo wa kuandikisha mwingine. Watu arobaini na watatu. Miaka saba.

Alimtazama Wakui. Wakui, mkono kifuani, fulana imelowa nyekundu, alitikisa kichwa juu na chini: uvunje.

Chizuru akafunga taya kwa nguvu zake zote. Kipande cha mti na kipande cha jino vilitoka pamoja.

Kashiwade aliupokonya muhuri, akauangalia ukingo wake, akaugonga kwenye karatasi tupu. Duara lilitoka na pengo. Akaugonga tena, na tena, kama mwendawazimu. Pengo lile lile. Akakaa kitini na kuanza kulia kwa sauti.

Ndipo mlango wa mbele ukafunguliwa.

Aliingia mama mmoja wa suti nyeusi na vijana wawili nyuma yake, wamebeba boksi la vitamutamu la kutoka Tokyo limefungwa kwa utepe. Alama ya Amatsu ilikuwa kifuani. Alikuwa ameshainama tangu kizingitini, mgongo umenyooka kama ubao, hajamwona mtu.

"Samahani sana kwa kuwahi," alisema. "Mimi ni Ukita wa Amatsu. Makao makuu wameahirisha mambo yote ya mchana, tuna dakika kumi tu za kufunga mkataba huu, kisha nafasi inakwenda kwa studio nyingine. Muhuri uko tayari?"

Akiwa bado ameinama, macho yake yakatua sakafuni, mbele ya ncha ya kiatu chake, kwenye kidole cha Wakui.

Aliinua kichwa polepole sana. Akamwona Ebisawa na kisu. Akamwona Kashiwade na machozi yake. Mwisho akamwona Chizuru, na akarudia swali lake kwa kunong'ona.

Chizuru alikuwa na kipande cha muhuri chini ya ulimi. Akafumba mdomo.